Mgonjwa Akiwa ICU: Wahudumu Huambizana Nini Kuhusu Familia Yenu?

Mgonjwa akilazwa katika wadi ya kawaida, yeye mwenyewe ndiye hujibu maswali. Ataeleza maumivu yalianza lini, atasema kama amekula, na akitaka atakataa sindano. Akiingizwa katika kitengo cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita ICU, mambo hubadilika. Mara nyingi huwa na mpira kooni uliounganishwa na mashine ya kumsaidia kupumua, amepewa dawa za usingizi ili asihangaike nao, na hawezi kutamka hata jina lake. Kuanzia hapo maswali huletwa kwenu mlioketi kwenye benchi nje: alianza kuugua lini, anatumia dawa gani, nani ataamua kuhusu upasuaji, nani apigiwe simu usiku.

Majibu mnayotoa hayabaki kwa muuguzi aliyewauliza. ICU haifungwi, na hakuna mhudumu awezaye kukesha wiki nzima. Ukihesabu zamu mbili kwa siku, mgonjwa aliyelazwa siku saba amekabidhiwa mara kumi na nne, na kila anayempokea anahitaji kujua mnayoyajua ninyi. Makala haya yanaeleza ni habari zipi za familia ambazo wahudumu huambizana, kwa nini huambizana, na sheria inawawekea mpaka wapi. Yanaeleza pia sehemu yenu, kwa sababu jina au nambari ya simu ikiandikwa vibaya siku ya kwanza, kosa hilo litasafiri na faili hadi siku ya mwisho.

Zamu inapobadilika

Vitengo vya aina hii vilitokana na mlipuko wa polio wa mwaka 1952 mjini Copenhagen, Denmark. Wagonjwa walioshindwa kupumua walitobolewa tundu kooni kwa ushauri wa daktari Bjørn Ibsen, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu usiku na mchana kubonyeza mfuko wa mpira kwa mikono ili hewa iingie mapafuni. Tangu mwanzo wake, basi, ICU imekuwa kazi ya kupokezana. Siku hizi mashine imechukua nafasi ya mikono ya wale wanafunzi, lakini kupokezana kumebaki.

Makabidhiano hufanyika kando ya kitanda au kwenye meza ya wauguzi. Anayetoka hupitia mambo kwa mpangilio: jina, umri, ugonjwa, mashine imewekwa vipi, dawa zinazoingia kwenye mshipa, mkojo uliotoka tangu asubuhi, vipimo vinavyosubiriwa. Haya hayasahauliki kwa urahisi kwa kuwa yako kwenye chati. Habari za familia ndizo huachwa mwisho, na cha mwisho ndicho hurukwa mtu akiwa amesimama saa kumi na mbili na matatu ya kwenda nyumbani inangoja.

Zikirukwa, familia ndiyo huumia kwanza. Tuseme asubuhi muuguzi amewaambia kwamba presha ya baba yenu imetulia. Jioni daktari wa zamu nyingine anawaita kando na kusema figo zimeacha kuchuja, na kwamba hali ni mbaya. Mnarudi kwenye benchi mkiamini kuna mtu anayewadanganya. Ukweli ni kwamba wote wawili wamesema kweli. Presha inaweza kutulia kwa nguvu ya dawa huku figo zikishindwa. Mwili wa mgonjwa mahututi hauponi wala haudhoofiki wote kwa pamoja. Kilichokosekana ni sentensi mbili katika makabidhiano: kwamba familia iliambiwa habari ya presha saa tatu asubuhi, na kwamba imeielewa kuwa mgonjwa anapona. Daktari wa jioni angejua hilo, angeanzia pale mlipoachwa asubuhi.

Kwa hiyo swali la maana kwa anayepokea zamu si tu kama familia imeelezwa. Nani hasa aliyeelezwa? Aliambiwa kwa maneno gani, kwa lugha gani, na akaondoka akiamini nini? Kuna kikao kilichoahidiwa kesho? Maswali haya hayachukui dakika mbili.

Mwaka 1979 muuguzi wa Marekani, Nancy Molter, alichapisha matokeo ya kuwauliza jamaa 40 wa wagonjwa mahututi ni nini walichokihitaji zaidi. Juu kabisa kulikuwa na haja ya kuona kwamba tumaini bado lipo. Karibu nayo kulikuwa na mambo ya kawaida sana: kujua kwamba wahudumu wanamjali mgonjwa wao, kujibiwa maswali kwa ukweli, na kupigiwa simu nyumbani hali ikibadilika. Hilo la simu linategemea nambari sahihi kuwa mikononi mwa aliye zamu saa nane usiku.

Utafiti mwingine, wa Ufaransa, ulichapishwa mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine. Ulihusu familia za wagonjwa 126 waliokuwa wakielekea kufa katika vitengo 22 vya wagonjwa mahututi. Kundi moja la familia lilipata mazungumzo ya kawaida ya hospitali. Jingine lilipata kikao kilichoandaliwa vizuri zaidi pamoja na kijitabu. Vikao vya kundi hili la pili vilichukua kama dakika 30 badala ya 20, lakini tofauti kubwa ilikuwa katika nani anayezungumza: familia zenyewe zilisema kwa dakika 14, ilhali kwenye kundi la kwanza zilisema kwa dakika 5 tu. Siku 90 baadaye, waliopewa nafasi ya kusema walikuwa na dalili chache za mshtuko, wasiwasi na huzuni nzito. Wahudumu wanaojua familia ni nani na imefikia wapi wanaweza kuitisha kikao cha namna hiyo. Wasiojua watatumia nusu ya muda huo kuulizana majina.

Nani ni nani nyumbani

Majina yenyewe, hapa kwetu, ni kazi. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na usiku watu wengi huzaliwa. Si ajabu vitanda viwili vinavyofuatana kuwa na Otieno wawili, na cha tatu kuwa na Mwita kutoka Kuria ambaye nje kuna Mwita mwingine, mjomba wake, anayemsubiri. Mtu akipiga simu na kuuliza "Otieno anaendeleaje?", muuguzi aliyepokea zamu dakika kumi zilizopita anaweza kumpa habari za mgonjwa asiye wake. Vilevile mke wa mgonjwa hujulikana nyumbani kama Min Akinyi, yaani mamake Akinyi, huku kitambulisho chake kikiwa na majina matatu ambayo hata shemeji zake hawayajui. Kwenye faili yaandikwe yote: jina la kitambulisho na jina analoitikia.

Kisha kuna suala la nyumba zaidi ya moja. Mwanamume wa Kiluo anaweza kuwa na mikayi, ambaye ni mke wa kwanza, nyachira wa pili na reru wa tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inachukulia ndoa ya kimila kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, kwa hiyo nyachira aliyefika hospitalini akitokea Awendo hawezi kuambiwa kwamba hatambuliki kwa kuwa mikayi kutoka Uriri alitangulia kuandikwa. Kuria kuna pia nyumba ambamo mwanamke amemwoa mwanamke mwenzake kwa mila, na muuguzi aliyekulia kwingine anaweza kushindwa kuelewa ni nani anayedai kuwa nani. Wahudumu wanapaswa kuambizana mambo haya kama yalivyo, bila kicheko na bila hukumu: wake ni wawili, wote wanakuja, hawaji kwa wakati mmoja, kila mmoja azungumziwe peke yake hadi familia itakaposema vingine.

Watu watatu huchanganywa sana. Wa kwanza ni anayejua habari za mgonjwa: alikula nini, alianguka vipi, ana mzio gani. Huyu kwa kawaida ni mke, mama au mtoto anayeishi naye. Wa pili ni anayetoa idhini. Wa tatu ni anayelipa, na mara nyingi huyu yuko Nairobi, Mombasa au ng'ambo, hupiga simu kila jioni na husema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kulipa hakumfanyi kuwa mwenye idhini. Wala kuandikwa kwenye SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hakumfanyi mtu kuwa msemaji wa familia moja kwa moja. Faili iwatenganishe hao watatu, na makabidhiano yawataje kila mmoja kwa kazi yake.

Kuhusu idhini, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iko wazi katika kifungu cha 9. Mgonjwa asipoweza kujisemea, wa kwanza kutafutwa ni mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi, au aliyeidhinishwa na sheria au mahakama. Asipokuwepo, idhini hutolewa na jamaa wa karibu. Na kama ni dharura, ambapo kuchelewa kunaweza kuua au kuleta madhara yasiyorekebishika, matibabu huendelea bila kumngoja mtu yeyote, isipokuwa mgonjwa awe aliyakataa mwenyewe. Wengi wetu hatujui kwamba karatasi moja iliyoandikwa ukiwa mzima, ikimtaja anayepaswa kukusemea, ina nguvu kisheria. Ingeokoa mabishano mengi kwenye benchi.

Lugha nayo iandikwe. Wahudumu wetu wengi hukabidhiana kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili au Dholuo. Familia ya Kikuria iliyosimama karibu, ikisikia jina la mgonjwa wake katikati ya Dholuo ambacho haikifahamu, haiwezi kulaumiwa ikidhani inasengenywa. Sheria hiyo hiyo ya Afya inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili kinatosha kwa wengi. Kwa bibi kutoka Ntimaru asiyekisikia vizuri, atafutwe mtu mzima wa kutafsiri. Kumtumia mjukuu wa miaka kumi na miwili kumweleza nyanyake kwamba babu hatapona ni jambo la kikatili, hata kama ndiye pekee aliyekuwapo.

Familia nayo ni siri

Tumezoea kufikiri kwamba siri ya hospitali ni ugonjwa tu. Katiba ya Kenya inakwenda mbali zaidi. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake imo haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake, wala habari hizo kufichuliwa, pasipo sababu ya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka katika kundi la data nyeti hali ya afya ya mtu, hali yake ya ndoa, na habari za familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mke au wake zake. Kwa maneno mengine, karatasi ile yenye majina na simu zenu kwenye faili ya ICU ina ulinzi wa aina moja na majibu ya damu.

Hilo halimaanishi wahudumu wafunge midomo. Sheria hiyo inaruhusu habari za afya kushughulikiwa na mtoa huduma ya afya au mtu mwingine anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Wauguzi wawili wakipokezana mgonjwa wako katika ruhusa hiyo. Kipimo ni kile cha Katiba: je, anayepokea zamu anaihitaji habari hii ili amtunze mgonjwa au azungumze na familia? Kwamba dada wa mgonjwa ana ujauzito na alizimia jana akiona mashine, ndiyo, anahitaji kujua. Kwamba dada huyo hajaolewa, hapana.

Ukweli ni kwamba kutunza siri kunaathiri tiba yenyewe. Daktari anayempokea mgonjwa aliyezimia anahitaji kujua kama amekunywa dawa za mitishamba, kwa kuwa baadhi huumiza ini na figo. Anahitaji kujua kama anatumia ARV, kwa sababu baadhi ya dawa hazipatani nazo. Anahitaji kujua kama alikunywa chang'aa, au kama ile dawa ya kunyunyizia mimea aliinywa kwa kukusudia. Familia huficha yote haya ikiogopa kwamba kufikia jioni yatakuwa yamefika sokoni. Wapo wanaoficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, ilhali Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kila saa habari hiyo inapofichwa ni saa ya matibabu ya kubahatisha.

Suala la virusi vya Ukimwi linahitaji maneno ya ziada, maana kaunti za ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa zenye maambukizi ya juu zaidi nchini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufichua matokeo ya mtu bila idhini yake ya maandishi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria hiyo. Sasa fikiria mgonjwa anayetumia ARV, ambaye mke mmoja anajua na mwingine hajui. Wahudumu wa zamu zote lazima wazijue dawa hizo. Na lazima pia waambizane kwamba mama yule mwenye kitenge cha kijani hajui, ili mtu asije akamwuliza kitandani, kwa nia njema kabisa, kama mumewe alimeza dawa zake za jana. Hii ndiyo aina ya habari ya familia ambayo ikikosa kupita kutoka zamu hadi zamu, nyumba huvunjika.

Pazia halizuii sauti. Makabidhiano yanayofanyika kitandani yana faida, kwani wote wawili humwona mgonjwa huku wakizungumza, lakini kitanda cha pili kina jamaa zake, na mgonjwa aliyelala kwa dawa huenda anasikia. Mambo kama ya hao wake wawili yaelezwe mezani, kwa sauti ya chini, au yaandikwe. Mkiombwa mtoke nje kwa dakika chache wakati wa kubadilisha zamu, msikasirike. Siri inayolindwa wakati huo yaweza kuwa yenu. Na picha ya mgonjwa au ya ukurasa wa faili kwenye kundi la WhatsApp, hata likiwa la wafanyakazi pekee, si makabidhiano ya zamu.

Jina la "familia sumbufu"

Kuna habari moja ambayo hupita haraka kuliko zote, nayo haina faida kwa yeyote: "hao ni wasumbufu". Neno likishatamkwa asubuhi, jioni familia inapokewa kwa uso uliokunjwa kabla haijafungua mdomo, na zamu ya tatu haijui hata jina hilo lilitoka wapi. Linganisha na hili: "Kaka mkubwa ameuliza mara nne kuhusu kusafishwa damu. Juzi aliahidiwa kuonana na daktari, hajaitwa." Ni mtu yule yule. Maelezo ya pili yanampa anayeingia zamu jambo la kufanya, na pengine yanaeleza kwa nini kaka huyo alipandisha sauti. Mnayo haki, chini ya sheria, kuomba kujua data gani kuwahusu imehifadhiwa na kutaka isiyo sahihi irekebishwe.

Wakati mwingine kosa huwa upande wa familia. Jamaa sita wanaopiga simu kwa zamu na kuuliza swali lile lile humtoa muuguzi kitandani mara sita, kisha hulinganisha majibu na kupata kasoro.

Asiyekuwa na mtu, na anayehamishwa

Wapo wanaofika bila jina. Ajali kwenye barabara kuu ya Kisii hadi Isebania huleta abiria asiye na kitambulisho, na migodi ya dhahabu ya Nyatike, Macalder na Osiri ina vijana waliotoka mbali ambao wenzao huwajua kwa jina la utani tu. Huyu hutibiwa, Ibara ya 43 ya Katiba inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Lakini kila chembe ya habari kumhusu, kama aliyemleta, lugha aliyoguna nayo, jina lililochorwa mkononi au nambari ya mwisho kwenye simu yake, inapaswa kupita kutoka zamu hadi zamu na kufika kwa polisi na kwa chifu. Ni hapo tu ambapo kusambaza habari nje ya kitengo ni sehemu ya kutafuta familia, na hata hapo ugonjwa wake hautangazwi.

Mgonjwa akihamishwa, makabidhiano hupanda gari la wagonjwa. Mtu wa Muhuru Bay anaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu, akapita Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Migori, na kumalizia Kisii, au Kisumu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado huiita Russia. Vipimo vyake kwa kawaida husafiri naye. Habari kwamba mkewe amebaki Muhuru na mtoto anayenyonya, kwamba msemaji ni mpwa wake, na kwamba familia bado haijaambiwa kuhusu uvimbe kwenye ubongo, hizo huweza kubaki nyuma. Kabla gari halijaondoka, ulizeni kama jina na nambari ya msemaji wenu zimeandikwa kwenye barua ya rufaa. Wenye jamaa upande wa Sirari au Tarime wahakikishe nambari ya Tanzania imeandikwa na 255 mbele, la sivyo simu ya usiku haitapita.

Mnachoweza kufanya

Chagueni msemaji mmoja na wa akiba mmoja, na muwaambie wahudumu wa zamu zote mbili siku ya kwanza. Msemaji ndiye apokee habari na kuwapasha wengine. Kundi la familia kwenye simu ni lake kulijulisha, si la muuguzi. Asiwe lazima mwenye elimu kubwa zaidi. Awe mtu anayepatikana, asiyezima simu, na ambaye nyumba zote zinamwamini kiasi cha kutosha. Kama hakuna mmoja anayeaminiwa na pande zote, semeni hivyo wazi na kila upande utoe wake.

Baadhi ya hospitali duniani huwapa familia neno la siri la kutumia kwenye simu, na anayepiga bila neno hilo haambiwi kitu zaidi ya kuombwa awasiliane na msemaji. Hakuna kinachowazuia kupendekeza hivyo, hasa kama kuna mgogoro wa ardhi au wa nyumba ambao mtu anaweza kuutumia. Njooni na kitambulisho cha mgonjwa, dawa zote alizokuwa akitumia zikiwa kwenye pakiti zake, hata za mganga, na daftari. Andikeni mlichoambiwa, saa, na jina la aliyesema. Mkisikia habari mbili zinazopingana, msiulize nani mwongo. Mwelezeni aliye zamu mlichoambiwa asubuhi, kwa maneno yale yale, na mumwombe awaeleze vinavyopatana. Kama kuna jambo mnalotaka mtu fulani asilijue, mwambieni muuguzi faraghani na mwombe aliandike, kwa sababu mwenzake wa usiku hakuwapo mlipozungumza.

Siri ikivuja, kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinawapa haki ya kulalamika na malalamiko hayo kuchunguzwa. Anzieni kwa msimamizi wa kitengo na uongozi wa hospitali, kisha Idara ya Afya ya Kaunti. Kuhusu mwenendo wa muuguzi kuna Baraza la Wauguzi la Kenya, na kuhusu daktari kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kwa habari za kibinafsi zilizosambazwa kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka kukamilisha uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90.

Mgonjwa akizinduka na mpira kutolewa, ukurasa wa familia kwenye faili huwa wake tena. Wahudumu wanapaswa kumuuliza upya, akiwa na akili timamu na bila jamaa kando yake, ni nani aambiwe habari zake na nani asiambiwe. Huenda akamwacha msemaji aliyechaguliwa na ukoo, huenda akamtaja mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Atakayemtaja ndiye ataandikwa, na zamu inayofuata ndilo jina itakalokabidhiwa.